Sindano Kwenye Kiti cha Kinyozi

Ingieni, na mfunge huo mlango nyuma yenu, nzi wasije wakagawana urithi kabla yenu. Kaeni. Siyo hapo, Injinia. Hicho kiti kimekubeba vya kutosha, springi zake zimeshakuchoka. Leo utakaa sakafuni kama dada yako, na baba yenu mdogo atasimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Msinitazame kwa macho ya huruma, sikuwaita mnionee huruma. Yule tabibu aliyekuja asubuhi alinibonyezabonyeza tumbo kama anayekagua kochi la mtumba, kisha akatoka nje kuwanong'oneza, akasahau kwamba ukuta huu ni wa mbao na kwamba aliyeupigilia ni mimi. Nilisikia kila neno. Naondoka, tena naondoka kabla hata mvi hazijamaliza kazi yake kichwani, na katika maisha yangu nimewashonea viti mahakimu, maharusi na wanene ambao mafundi wengine waliwakimbia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka. Waulizeni. Yule mnene mwenye kiwanda cha sabuni alikalia kochi langu mpaka nyumba ikabomolewa ili ijengwe upya, na waliokuja kubomoa wakaliona kochi limesimama peke yake katikati ya vifusi, wakalikalia wakanywa chai. Fundi wa kochi hilo ndiye mnayemzika. Mkishaelewa hilo, sasa nisikilizeni, kwa maana nina hasira na pumzi ni kidogo, na hasira ndiyo nataka iishe kwanza.

Kila mtu hapa anajua kinachogombewa. Upande wa pili wa ukuta huu kuna karakana yangu: meza ya kukatia, cherehani nzito, mkasi mkubwa, nyundo, fremu, marobota ya vitambaa na mlango unaofungukia barabarani. Baba yenu mdogo anaitaka aweke magodoro. Usikohoe, mdogo wangu, nimesema unaitaka, sikusema umeiba. Mtu aliyeacha sindano akaenda kuuza sponji, aliyenikimbia wateja nao wakinihama, kwa sababu eti kushona kunamuumiza shingo, leo amekuja na utepe wa kupimia mfukoni. Nimeuona ukining'inia. Na mimi, wanangu, nimempa ahadi. Nimemwambia hivi: kama jua la leo litazama na hakuna mtoto wangu aliyegusa kazi iliyoko mezani, ufunguo ni wako, pakia magodoro mpaka darini, walale juu yake wote wawili waendelee na kile wanachokiweza. Nimesema mbele ya tabibu. Msinipigie kelele. Nani atanikataza? Nyinyi? Kunikataza nako ni kazi.

Nianze na wewe, kijana wangu mkubwa. Tulikuita Injinia kwa sababu ulifungua redio ya mama yako ukiwa huna hata meno ya mbele, ukairudisha, na ikaongea. Ulikuwa na mikono. Nasema mbele ya adui yangu huyu aliyesimama na utepe: ulikuwa na mikono kunizidi mimi, na mimi sijawahi kumwambia hivyo mtu yeyote, hata kioo. Ikaja ile kazi ya hoteli. Viti vya ukumbi wa mapokezi, mahameli ya kijani, ukaniambia, "Baba, hii niachie." Nikakuachia. Ukakata usiku na mchana, na ili kitambaa kitoshe ukageuza vipande, hiki juu, kile chini, ukavipanga kama samaki kwenye kikaango. Mahameli, jamani, ina vinyweleo kama mkono wa mtu: ukipapasa kwenda huku inang'aa, ukipapasa kurudi inafifia. Mtoto wa fundi viti anayajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Humu ndani, kwenye taa yetu moja ya kinyonge, viti vilionekana sawa. Kule hotelini wakawasha taa zao zote, na kila kiti kikawa na mgongo wa kijani cha majani na makalio ya kijani cha chupa. Mwenye hoteli akaniuliza, "Fundi, hivi ni viti au ni bendera?" Wakavirudisha vyote, wakavishusha mlangoni mtaa mzima ukitazama.

Sasa wewe unadhani nina hasira na kukata. Nani asiyekata vibaya? Mafundi wote hukata vibaya, isipokuwa mimi. Hasira yangu ni ya baadaye. Uliviingiza viti vile ndani, ukavipanga, ukakaa juu ya kimoja. Ukakaa. Kesho yake ukahamia cha pili. Nyumba hii ina sheria moja tu niliyoirithi kwa aliyenifundisha, kwamba fundi hakalii kiti alichomaliza, anayekikalia ni aliyekiagiza. Na wewe ukavikalia vyote kwa zamu mpaka mahameli ikalala pande zote mbili, na kosa lenyewe halionekani tena. Ukasema, "Baba, moyo umeniisha. Nikipata moyo nitaamka." Nikangoja huo moyo uje. Nilidhani umeagizwa ng'ambo, labda unakuja kwa meli. Kinyozi hapo ng'ambo ya barabara akaniuliza kila siku, "Mzee, kijana anaumwa?" Nikamjibu, "Haumwi, anasubiri mzigo."

Na ulipokuwa unasubiri ulifanya jambo baya zaidi, ambalo hujui hata kama ni baya. Ulianza kufanya usafi. Kila jioni, kazi haijafanyika, lakini Injinia anasafisha. Sindano zote ndani ya kopo, nyuzi zote zimeviringishwa, mkasi umefutwa mafuta, meza nyeupe kama meza ya kupasulia watu. Wateja wakasifu. Mimi nilikuwa nalala huku nasikia kopo linafungwa, na kila lilipofungwa nilitamani kuamka nikulambe kibao. Asubuhi unaingia, hakuna kitu kinachokungojea. Hakuna pa kushika. Utaanzia wapi? Unatazama meza, meza inakutazama, mnaheshimiana, unaenda kukaa.

Umecheka, wewe binti? Usicheke, zamu yako hii hapa. Mama Mipango. Nani mwingine katika mtaa huu ana ukuta wa chumba uliobandikwa makaratasi ya rangi kutoka dirishani mpaka mlangoni? Malengo ya mwaka, malengo ya mwezi, malengo ya kabla ya kifungua kinywa. Ulisema utashona mikoba kutokana na masalio ya ngozi yangu, mikoba ya wanawake wanaoenda ofisini, na wazo ni zuri, kwa vile umelitoa kwangu. Nikakuwekea masalio kwenye gunia. Ukaenda kusikiliza yule bwana wa vipaza sauti, anayewaambia watu wasimame kwenye viti wapige kelele kwamba wanaweza. Ukarudi mashavu yanawaka moto. Umeshika mkono wangu, "Baba, kesho naanza." Nikagusa mkono ule, ulikuwa wa moto kweli, ungeweza kupigia pasi. Mpaka wakati wa chakula cha jioni umepoa. Ukaenda tena, ukapashwa tena, kama kiporo. Gunia lipo. Panya ameshashona mengi zaidi ndani yake kuliko wewe. Ameshafanya nyumba, ameshazaa, na hajahudhuria semina.

Nipeni maji. Siyo wewe, mdogo wangu, wewe utanipima urefu ukiwa unaninywesha. Binti. Haya.

Mnadhani nawasema kwa sababu sijawahi kuanguka. Nilianguka, tena nilianguka vizuri zaidi yenu. Hata katika uvivu hakuna anayenifikia. Lilipofunguliwa lile duka kubwa la samani za kiwandani, makochi yanakuja yamefungwa nailoni kama peremende, wateja wangu wote walihama kwa mkupuo, na huyu mdogo wangu akaniaga wiki ile ile akaenda kwenye sponji zake. Nikalala. Kwenye kitanda hiki hiki, uso ukutani. Nilikuwa nayajua mafundo yote ya mbao hizi, moja lilifanana na shemeji yangu. Majirani walikuja kunipa moyo. Aliyekuja na maneno mazuri nilimgeuzia mgongo, na aliyekuja na chakula nilimgeuzia mgongo baada ya kula. Mama yenu alinibembeleza mwanzoni, "Baba Injinia, amka, utaona kutakucha tu." Kukawa kunakucha, mimi nipo.

Siku moja akaacha kubembeleza. Akaingia na kiti cha mwalimu wa jirani, kimechanika mkono, akakiweka hapa, hapa miguuni kwangu, akachukua sindano ya upinde na uzi wa nta, akaanza kukishona. Mama yenu, Mungu amweke pema, alikuwa mwanamke wa kila kitu isipokuwa sindano. Alishona kama kuku anayechakura. Mshono ulipanda, ukashuka, ukazunguka kidogo kutafuta njia, ukarudi. Nikamwambia, "Mama, unafanya nini?" Akasema, "Nafanya kazi. Wewe lala." Nikasema, "Unaharibu." Akasema, "Lala, mume wangu, usijichoshe." Kisha katikati ya mshono, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kitambaa na uzi unaning'inia, akainuka, akajifunga kanga, akaenda sokoni.

Nilikaza roho. Nikageukia ukuta, lakini ukuta haukuwa na kitu tena, hata shemeji alikuwa amepotea. Ule mshono uliniwasha mgongoni kama siafu. Nikageuka, nikautazama kwa jicho moja. Nikasema nitafumua hapo tu palipozidi, kisha nitarudi kulala zangu kwa heshima. Nikashuka kitandani kwa magoti, nikafumua palipozidi. Palipofuata napo palikuwa pamezidi. Mama yenu aliporudi sokoni nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeshafumua mkono mzima, nimeushona upya, namtukana yeye na ukoo wake. Alipika.

Hayo ndiyo niliyotaka myasikie, na mkinielewa vibaya nitawarudia ndotoni. Siku ile sikuwa na moyo. Moyo ulikuwa bado umelala kitandani uso ukutani. Ulioamka ni mkono, kwa sababu uliudhiwa, na moyo ulikuja nyuma yake siku nyingi baadaye ukikokota miguu, ukajifanya ulikuwepo tangu mwanzo. Tangu hapo mpaka juzi, hakuna jioni niliyomaliza mshono. Hata kama zimebaki nukta chache, hata mteja akiwa amesimama mlangoni ananung'unika, naacha sindano ndani ya kitambaa, uzi unaning'inia, nazima taa. Asubuhi siulizi kama najisikia. Natazama uzi ule, unanikera, nauvuta. Nikishauvuta nimeshaanza. Ndiyo siri yote ya fundi mkubwa kuliko mafundi wote wa mtaa huu, na nyinyi mlikuwa mnaiokota kila jioni mnaitia ndani ya kopo.

Sasa mezani kuna kiti cha kinyozi. Mnakijua. Amenyoa watu wamekaa kwenye kreti za soda tangu alipokileta, na jana mteja mmoja kreti ilimvunjikia akatoka na ndevu za upande mmoja. Fremu nimeifunga, springi nimezifunga, makalio yamekwisha. Umebaki mgongo. Nimeushona nusu juzi, kabla miguu haijakataa, na sindano iko pale pale ndani ya ngozi. Kazi ninayoitaka ni hiyo. Siwaombi mnipende.

Unasemaje, Injinia? Sema kwa sauti, mgonjwa ni tumbo, masikio mazima. "Mshono ule umepinda." Eh. "Umepinda vibaya, Baba, mkono wako umechoka, hata Baba Mdogo ameuona." Umeuona lini? Nakuuliza, umeuona lini? Tangu juzi. Umeuona tangu juzi, ukapita pembeni yake, ukaenda ukakaa kwenye mahameli yako, ukautazama mshono mbaya wa baba yako mzazi kutwa nzima, na mkono wako haukuwasha? Basi umekufa kabla yangu. Tabibu alimpima mtu asiye mwenyewe. Ondoka mbele yangu. Siku zote nilisema una mikono, kumbe ni matawi tu yamening'inia. Mdogo wangu, toa huo utepe, anza kupima, anzia mlangoni, huyu hana...

Ameupiga mlango. Mnaona? Hata mlango ameupiga kwa nguvu za kuazima.

Acha aende. Binti, usimfuate. Futa machozi, unanilowanishia shuka. Nimalizie ya lazima. Cherehani ni ya wote wawili, haiuzwi. Ile nyundo ndogo yenye mpini uliokatika mnizike nayo, maana hakuna mwingine atakayeivumilia. Viti vya hoteli vivueni ile mahameli, ukoo wetu umeshaaibika vya kutosha. Fremu ni nzima, nilizifunga mimi. Wewe gunia lako ulimwage leo, siyo kesho, kata mkoba mmoja mbaya, mbaya kabisa, wenye mdomo uliopinda, uutundike mahali utakapouona ukifumbua macho, na hayo makaratasi ya ukutani ukafungie vitumbua. Na jeneza langu msilitie sponji. Nisikilize vizuri, mdogo wangu. Hata kipande. Sikukilalia nikiwa hai, sitakilalia...

Shhh.

Nyamazeni.

Hiyo ni nini? Hapo, nyuma ya ukuta. Msiniambie panya, panya nawajua kwa majina. Hiyo ni ncha ya mkasi inakata uzi wa nta. Tk. Sikieni. Tk, tk. Anafumua. Mtoto wa mbwa anafumua mshono wangu. Anafumua kwa hasira, bila adabu, ananiita mzee mkaidi, namsikia. Aniite. Apate la kuniita.

Unanitazama nini, binti? Ndiyo, niliupinda makusudi. Mimi nishone vile? Mimi niliyeshona kiti cha hakimu mkuu nimefumba macho, kwa kubishania soda? Mama yenu alinionesha njia, nami nikaipita. Haya, labda mkono ulitetemeka kidogo pale mwisho, pale unapoingia kwenye kona. Lakini makusudi yalitangulia, mtetemeko ulikuja baadaye. Mwandike hivyo. Msimwambie yeye. Mwacheni aamini amenishinda, itamsaidia kuamka.

Inuka wewe. Nenda. Mgongo wa kiti hauvutwi na mtu mmoja, lazima mwingine abane ngozi kwa ndani. Akikuuliza unataka nini, usimjibu, bana tu. Ukiona uzi unalia, mwambie alegeze. Nenda, nitakufa hata bila kutazamwa, sijawahi kushindwa na jambo.

Mdogo wangu. Sasa unaweza kukaa. Kaa hapo kitandani. Utepe wako urudishe mfukoni, jua bado lipo. Ulinikosea, sitasema hukunikosea, na usitegemee kwamba ninapokufa nitakuwa mwema ghafla. Lakini wapelekee chai, wanashona. Na ukipita mezani, usiguse kitu.

Ah. Anavuta. Mmesikia... umesikia? Huo uzi unaopita kwenye ngozi, ule mluzi mdogo. Mwanangu huyo. Taratibu, Injinia... ngozi ile ni kavu, itachanika. Hapo. Hapo sawa. Sawa kabisa, lakini usimwambie.

Waambie huko nyuma ya ukuta nimewabariki. Mungu awape kila asubuhi kitu kilichopinda, kiwaudhi kabla chai haijapoa. Asiwape kulala hata siku moja mkiwa mmemaliza. Awape mikono inayowasha, wanangu... na wateja wagumu, na mtoto mmoja mjeuri kila mmoja wenu, muone raha yake. Mimi nimeridhika. Sikusema. Nani kasema nimeridhika.

Mwambie... mdogo wangu, gonga ukuta, umwambie. Jua likizama asimalize. Nukta zikibaki mbili, aziache. Aiache sindano... humo humo ndani ya ngozi, uzi uning'inie... azime taa.

Gonga. Gonga nikusikie.